Safu Mpya Kando ya Majina

Nilifungua ukurasa wa alama ili nianze kusahihisha insha za darasa langu la mwaka wa pili. Mfumo wetu wa kujifunzia mtandaoni ulikuwa umefanyiwa maboresho mwishoni mwa juma, na tangazo lililotangulia liliahidi mwonekano mwepesi zaidi na "taarifa bora kwa wahadhiri". Menyu ilikuwa imehamia pembeni, na herufi zimeongezeka ukubwa kidogo. Hayo niliyatarajia.

Kando ya kila jina, hata hivyo, palikuwa na safu ambayo Ijumaa haikuwapo. Ilionyesha dakika ambazo mwanafunzi ametumia ndani ya kozi, na mbele ya dakika kulikuwa na kiduara cha rangi: kijani, njano au nyekundu.

Jina la kwanza lilikuwa na dakika 11 na kiduara chekundu.

Insha yake nilikuwa sijaigusa, lakini kichwani tayari nilikuwa na picha ya mtu aliyeiandika.

Nikatafuta kitufe cha kuificha safu ile. Kwenye ukurasa ule hakikuwapo. Nilikuja kukipata baadaye, ndani kabisa ya mipangilio ya kozi, na ni baada ya kuulizia. Siku hiyo nilizipakua insha zote nikazisomea nje ya mfumo. Lakini jambo lenyewe halikunitoka. Limenifuata darasani, kwenye vikao, na kila ninapojibu ujumbe wa mwanafunzi.

## Seva inaona nini

Nilianza kwa kujiuliza dakika hizo zinatoka wapi, maana hakuna saa inayowekwa mkononi mwa msomaji.

Seva haimwoni mwanafunzi. Inachopokea ni maombi tu: fulani ameomba ukurasa huu saa mbili na dakika nne, kisha ameomba ukurasa mwingine saa mbili na dakika tisa. Mfumo unachukua mibofyo hiyo miwili, unatoa wa kwanza kwenye wa pili, na tofauti inayobaki inaitwa muda wa kusoma. Mbofyo wa mwisho haufuatwi na mwingine, kwa hiyo ukurasa wa mwisho, ambao mara nyingi ndio uliosomwa kwa makini zaidi, unapewa muda wa kukisia au haupewi kabisa. Aliyeacha ukurasa wazi akaenda zake kulala anavuna dakika mpaka mfumo utakapokata. Aliyepakua faili la kurasa 40, akazima data na kulisoma usiku mzima kwa kalamu mkononi, anaandikiwa sekunde chache.

Na aliyetumiwa faili hilo na mwenzake hayupo kabisa.

Ajabu ni kwamba mifumo hiyohiyo inajivunia kusoma bila mtandao. Programu ya simu ya Moodle, mfumo wa kozi unaotumiwa na vyuo vingi, kwa mfano, inamruhusu mwanafunzi kupakua masomo na kuyafungua hata pasipo na intaneti, na hilo ni jambo jema kwa yeyote anayelipia kila megabaiti anayotumia. Kwa hiyo mkono mmoja wa teknolojia unamwambia mwanafunzi pakua usome kwa wakati wako, na mkono mwingine unamwekea kiduara chekundu kwa sababu amefanya hivyo.

Katikati ya kuwaza haya nikapokea ujumbe.

"Shikamoo mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Nimeona nimewekewa nyekundu kwenye mada ya tatu na ya nne. Mada zote nimezisoma, nilizipakua mapema. Naomba kujua kama hii itaingia kwenye alama zangu."

Sikuwa nimejua kwamba na wao wanaiona.

Nilimjibu kwamba haiingii popote, na asome kwa njia inayomfaa. Lakini wiki hiyohiyo, tukiwa tunasubiri chumba kifunguliwe, mwanafunzi mwingine alinieleza bila kuficha kwamba siku hizi wanafungua kurasa kwenye simu na kuziacha ziwake huku wakifanya shughuli nyingine. Hakuona kosa lolote, na kwa kweli sina uhakika kwamba lipo. Wameonyeshwa kitu kinachopimwa, nao wamekitimiza.

Hapo safu ilikuwa imekwisha kugeuza jinsi darasa langu linavyosoma, na mimi sikuwa nimeamua lolote.

## Kumbukumbu zilizogeuzwa ushahidi

Mwaka 2021, shule ya udaktari ya Geisel iliyo chini ya Dartmouth, Marekani, iliwashutumu wanafunzi 17 kwamba walifungua vitini vya kozi wakati wa mitihani. Ushahidi mkubwa ulikuwa kumbukumbu za Canvas, mfumo wao wa kozi: mfumo ulionyesha kurasa zimefunguliwa mtihani ukiendelea, kwa hiyo mwanafunzi alikuwa akiibia.

Wanafunzi walieleza kwamba walikuwa na simu au kishikwambi kilichobaki kimeingia kwenye mfumo, kikiwa pembeni au chumba kingine. Kifaa cha namna hiyo kinaweza kuomba ukurasa upya chenyewe bila mkono wa mtu kukigusa. Wataalamu waliozipitia kumbukumbu wakaonyesha kwamba mibofyo mingine haikuwa na dalili ya binadamu. Kesi za wachache zilikuwa zimetupwa mapema. Mwezi Juni chuo kikafuta shutuma zote zilizosalia, na mkuu wa shule akaomba radhi.

Nimeisoma habari hii mara nyingi. Kinachonishika ni kwamba kumbukumbu zenyewe hazikudanganya. Seva ilisema ukweli wake wote: ukurasa umeombwa saa fulani kwa akaunti fulani. Neno "ameibia" liliongezwa na watu.

Historia hiyo imejirudia kwa sura nyingine kwenye vifaa vya kubaini maandishi ya akili mnemba, ambavyo sasa vimeunganishwa moja kwa moja na ukurasa wa kupokea kazi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivijaribu vifaa saba kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilitajwa kuwa kazi ya mashine, ilhali ziliandikwa na binadamu. Sababu inaeleweka: vifaa hivyo hutafuta maandishi yanayotabirika, na mtu anayeandika kwa lugha ya pili huchagua maneno aliyo na uhakika nayo. Julai mwaka huohuo OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT, ilikiondoa kifaa chake yenyewe kwa kuwa hakikuwa sahihi vya kutosha. Agosti, Chuo Kikuu cha Vanderbilt kikazima kile cha kampuni ya Turnitin.

Wengi wetu tunafundisha kwa Kiingereza wanafunzi waliokikuta shuleni. Asilimia inayotokea kando ya insha zao naiogopa kuliko kiduara chekundu, maana kiduara kinamwita mtu mvivu, na asilimia inamwita mwizi.

## Aliyekuwa kimya

Kufikia hapo nilikuwa nimekwisha kuandika barua kichwani ya kuomba safu ile iondolewe. Mwenzangu mmoja wa idara alinizuia.

"Wewe una darasa la watu wangapi?" aliniuliza. Nikamtajia. "Na mwaka jana ulijua lini kwamba mwanafunzi ameacha kuhudhuria?"

Nilikaa kimya, maana jibu tulikuwa tunalijua wote. Darasa likishapita watu mia mbili, anayepotea anajulikana siku ya mtihani, jina lake linapoitwa na kiti chake kiko wazi.

Yeye alikuwa ameanza kuitumia safu kwa namna nyingine kabisa. Rangi alikuwa haziangalii. Kila Jumatatu alikuwa akipanga orodha kwa tarehe ya mwisho ya kuingia, akawaandikia waliopotea kwa muda mrefu ujumbe mfupi wa kuwauliza kama wako salama. Basi.

Nikafanya kama yeye. Miongoni mwa walionijibu alikuwamo binti mmoja aliyekuwa akimuuguza mzazi. Kazi ya kwanza ilimpita, na mfumo, kwa kufuata kanuni iliyowashwa pamoja na maboresho yaleyale, ulimwandikia sifuri usiku uleule muda ulipokwisha. Alipoiona sifuri akaamini kwamba kozi imekwisha kwake, akaacha kuingia. Hakuniandikia kwa sababu, kwa maneno yake, alidhani mimi ndiye niliyeiweka.

Hebu tuitazame habari yake vizuri. Kipengele kimoja kipya kilimfukuza, na kingine kikanionyesha kwamba ametoweka.

Nimeacha kuuliza kama vipengele hivi ni vizuri au vibaya. Taarifa ileile ya mibofyo inaweza kufanya kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Inaweza kunifanya niulize "uko wapi?", na kwa kuuliza swali hilo inatosha kabisa, hata kama imekosea, kwa kuwa aliye salama atanijibu kwamba yuko salama na hakuna aliyeumia. Inaweza pia kunifanya niseme "hukusoma". Kwa hilo haitoshi, na haitatosha hata ikichorwa kwa grafu nzuri kiasi gani.

Chuo Kikuu cha Purdue kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo kuzipa taarifa hizi rangi za taa za barabarani, kwenye mradi wao wa Course Signals. Ilitangazwa kwamba waliosoma kozi zenye taa hizo walibaki chuoni kwa wingi zaidi. Mwaka 2013 wachambuzi wakauliza swali jepesi: mwanafunzi anayebaki chuoni muda mrefu si ndiye atakayekutana na kozi nyingi za namna hiyo? Huenda basi kubaki ndiko kulikoleta taa, na si taa zilizoleta kubaki. Nalikumbuka swali hilo kila ninapoletewa chati inayothibitisha kwamba kijani hufaulu.

Na rangi ina hatari nyingine. Katika kikao cha idara nilimsikia mhadhiri akimwambia mwenzake, "Yule mwekundu wako amekuja ofisini kwangu." Hakukusudia ubaya. Lakini alikuwa akimzungumzia mtu mwenye jina, na jina lake tulikuwa tunalijua sote.

## Jinsi mfumo ulivyopangwa tangu mwanzo

Habari ya ile sifuri ilinifanya nipitie kila kipengele kilichokuwa kimewashwa bila mtu yeyote wa idara kukiwasha. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi, na ndipo ninapodhani wahadhiri wengi hatuangalii. Tunabishania vipengele vyenye matangazo. Vile vinavyokuja vimewashwa tayari vinapita kimya, na ndivyo vinavyofundisha pamoja nasi.

Chukua jambo dogo kama utaratibu wa majina. Ukifungua ukurasa wa kusahihishia, kazi zinakuja kwa alfabeti. Nani angeliwazia hilo?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliliwazia. Mwaka 2024 walitoa uchambuzi wa kumbukumbu zaidi ya milioni 30 za usahihishaji kutoka Canvas, mfumo ambao kwa kawaida hupanga kazi kwa alfabeti ya majina ya ukoo. Walioanza na A mpaka E walipata alama kama 0.3 zaidi, kati ya 100, kuliko walipokuwa wakisahihishwa kwa utaratibu wa bahati nasibu. Wa mwisho mwa alfabeti walipata pungufu kwa kiasi hichohicho. Pengo la 0.6. Maoni waliyoandikiwa wa mwisho nayo yalikuwa makali zaidi na yenye adabu pungufu. Kwa wasahihishaji wachache walioanza na Z kurudi nyuma, pengo liligeuka upande wa pili.

Kwa hiyo si majina. Huenda ni uchovu.

Mtu anaweza kusema 0.6 ni kitu kidogo. Kwa kazi moja, sawa. Lakini mwenye jina la Z ni wa mwisho kwenye kila kazi, kwenye kila kozi, kila muhula, mpaka anahitimu, na hakuna mhadhiri hata mmoja aliyekusudia kumwonea. Hakuna hata aliyeamua. Mtu fulani aliyeunda mfumo alihitaji kupanga majina kwa namna yoyote ile, akachagua iliyo ya kawaida.

Hii ndiyo sababu nimeacha kuamini msemo tunaoambiwa kwenye mafunzo ya mifumo hii, kwamba "kila kitu kinaweza kubadilishwa kwenye mipangilio". Ni kweli kinaweza. Lakini mhadhiri mwenye kozi nne na insha mia mbili hafungui mipangilio. Anachokikuta ndicho anachokitumia, na kinachotumiwa na wote kinakuwa sera ya chuo, ingawa hakuna kikao kilichoipitisha.

Sifuri ya kujiandika yenyewe ni sera. Je, mwanafunzi aone wastani wa darasa kando ya alama yake? Sera. Jukwaa la majadiliano limfiche kila mtu majibu ya wenzake mpaka aandike lake? Hiyo nayo ni sera, na kwa maoni yangu ni nzuri sana. Nimeiona ikiwafanya watu wawaze kabla ya kunakili.

Jambo moja la kutia moyo: Moodle ilipoingiza akili mnemba kwenye toleo la 4.5, Oktoba 2024, ilijengwa kwa namna ambayo haifanyi kazi mpaka msimamizi wa mfumo aiunganishe mwenyewe na kampuni inayotoa huduma hiyo. Lazima mtu fulani akae na kuamua. Natamani safu yangu nayo ingekuja hivyo.

## Kitufe cha kutunga maoni

Kipengele kinachosifiwa kuliko vyote sasa ni hiki. Unafungua insha ya mwanafunzi, unabofya, na mfumo unakuandikia rasimu ya maoni. Blackboard, mfumo mwingine wa kozi, ilitangulia mwaka 2023 na msaidizi wake wa kuandaa kozi, anayependekeza mada, maswali ya majaribio na vigezo vya kusahihishia. Sasa kusahihisha kwenyewe kumefikiwa.

Kwa maswali ya majaribio nimekubali, tena kwa furaha. Nikiupa mfumo vitini vyangu mwenyewe unaniletea maswali mengi, mengi yake ya kukariri, lakini machache ni mazuri kuliko ningeyapata jioni nikiwa nimechoka. Yale mabaya nayafuta na hakuna anayeumia.

Maoni ni jambo jingine. Nilikijaribu kitufe kwenye insha ya mwanafunzi aliyekuwa akitetea hoja kwa mifano miwili. Mfano wa pili ulikuwa unaibomoa hoja yake, na yeye hakuwa ameliona hilo. Rasimu ya mashine ilimsifu kwa "mifano thabiti na inayoeleweka", kisha ikamshauri aongeze muktadha. Lugha safi, adabu tele. Mwanafunzi angeshukuru.

Na angeendelea kutoona.

Nilimwita. Nikamwomba anisomee mfano wake wa pili kwa sauti. Alifika katikati akasimama, akarudi juu kwenye hoja yake, akasema, "Ah! Mwalimu, hii si inanipinga mwenyewe?" Tukakaa pale tukiijenga upya hoja, na ikatoka kitu chenye nguvu kuliko alichokuwa amekusudia.

Siwezi kufanya hivyo kwa watu mia mbili. Hilo nalikubali, na ndilo linalonisumbua, kwa kuwa wanaonisukuma kwenye kitufe hicho hawanisukumi kwa ubaya. Wanaona rundo la insha mezani kwangu. Lakini rundo hilo lilikuwapo kabla ya kitufe, na naona kitufe kikija kitalifanya lionekane la kawaida. Mtu akishaweza kusahihisha insha mia mbili kwa jioni moja, nani tena atauliza kwa nini amepewa mia mbili?

## Tulipofika

Idara yetu imekubaliana mambo machache kwa muhula ujao, na si yote yaliyokuwa matakwa yangu.

Safu ya dakika itafichwa kwa wanafunzi, na kwa wahadhiri haitatokea kwenye ukurasa wa kusahihishia. Tarehe ya mwisho ya kuingia itabaki, ila kwenye ukurasa wake pekee, na anayeufungua anatakiwa awe na nia ya kuandika ujumbe. Niliomba rangi ziondolewe kabisa; nilishindwa. Wenzangu wanasema zinawasaidia kwenye madarasa makubwa, nami naona wanachosema, ingawa bado nakipinga.

Sifuri ya kujiandika imezimwa. Kazi isiyowasilishwa itaonekana kama isiyowasilishwa, na mhadhiri ndiye atakayeweka alama, kwa mkono wake, akijua ni ya nani.

Insha zitasahihishwa bila majina na kwa utaratibu uliochanganywa. Mfumo wetu ulikuwa na uwezo huo tangu toleo la zamani. Haikuwahi kututokea kuutafuta.

Asilimia ya kibaini cha akili mnemba haitatumika kama ushahidi kwenye shauri lolote la mwanafunzi wa idara hii. Hapa hatukubishana hata kidogo.

Kitufe cha maoni tumekiacha kizimwe, kwa sharti moja nililolipendekeza mimi: kitafunguliwa siku ambayo mwanafunzi ataweza kuona, kwenye kila sentensi anayoandikiwa, kama imetoka kwa mhadhiri wake au kwa mashine. Tumewaandikia wanaosimamia mfumo kuwauliza kama hilo linawezekana. Walijibu kwamba ombi letu limepokelewa na litapelekwa kwa watengenezaji pamoja na maombi ya vyuo vingine, kwa hiyo kama nawe unafundisha kwenye mfumo wenye kitufe hicho, peleka ombi kama letu kwa wanaousimamia kwenu.